Baraza Lenye Mlango

Kila jioni kicheko cha Polycarp kilikuwa kinaingia dirishani, na kila jioni Evarista alikuwa chumbani anakisikiliza huku ameuma meno. Na wala si kicheko kidogo. Ni kile cha mtu anayejipiga paja, anayepaliwa katikati, anayesema "ngoja, ngoja, sijamaliza," halafu anaanza upya. Mwanamume huyo huyo, akiwa nyumbani kwake, alikuwa na maneno ya lazima tu: chumvi iko wapi, shati limekauka, Agnesi ameandika kutoka shuleni? Ukimpa habari ndefu anakuitikia "mmh." Sasa hebu mwambie mke wa mtu wa namna hiyo asione wivu, uone atakavyokujibu.

Na wivu aliuona, tusifichane. Ulimkaa rohoni tangu asubuhi anapochambua mchele mpaka jioni anapokunja nguo. Alikuwa anaona wivu wa kicheko, maana mengine hakuwa na ushahidi wake, na kukosa ushahidi kulimchoma zaidi.

Ilikuwa mwaka wa sabini na tatu, Kariakoo, Mtaa wa Mchikichi. Polycarp alikuwa Mchaga wa Kibosho, muuzaji wa jumla wa vitunguu na maharage, mtu wa kazi asiye na makuu. Nyumba yake ilipakana na ya Tatu, mjane wa Kizaramo aliyeachiwa nyumba na baba yake. Huyo Tatu ndiye alikuwa pia balozi wa nyumba kumi, yaani ukigombana na mpangaji, ukitaka barua ya utambulisho, ukipotelewa na kuku, mlango ni wake. Mbele ya nyumba yake palikuwa na baraza la saruji, refu upana wote wa nyumba, limelainishwa na makalio ya watu wa miaka na miaka. Jua likishapinda, watu wanajaa pale. Wapo wa bao, wapo wa kahawa, wapo wa kubishana mpira, wapo wasio na shughuli yoyote. Hakuna aliyealikwa. Mtu anapita, anasalimu, anakaa, habari imekwisha.

Polycarp akitoka sokoni alikuwa anaoga, anakula, anavaa shati safi, kisha anatangaza, "Naenda kwa balozi." Anatamka kama mtu aliyeitwa kwenye kikao cha chama. Kikao gani hicho cha kila siku? Na kikao gani watu wanacheka mpaka wanashika mbavu?

Laiti Tatu angekuwa mzuri, Evarista angejua la kufanya. Mwanamke akikuzidi uzuri unajua unapambana na nini. Lakini Tatu alikuwa mnene, wa makamo, jino moja la mbele halipo, khanga imepauka hata jina lake halisomeki. Evarista bado alikuwa na kiuno chake, na akienda misa ya Jumapili walikuwapo waliogeuza shingo. Alijitazama kwenye kioo, akachungulia dirishani akamtazama Tatu, akajitazama tena. Hesabu ilikataa.

Tena kuna jambo alilokuwa hapendi kulikumbuka. Nyumba yao nayo, walipoinunua, ilikuwa na baraza kama la wenzao. Evarista alikuwa ameshuka tu kutoka Kibosho, na asubuhi ya kwanza alifungua mlango akawakuta wanaume wasiomhusu wamekaa, wameegemea ukuta wake, wanakunywa kahawa. Wakamsalimu vizuri kabisa, wakaendelea na mazungumzo yao. Kwao alikotoka, mji wa mtu uko ndani ya ua wa mimea ya masale, na mgeni anasimama nje anaita mpaka aitikiwe. Anayekaa mlangoni pako bila hodi ni mwizi au ni mwendawazimu. Basi akamkalia mumewe kooni mpaka baraza likabomolewa, pakawa mahali pa kushushia magunia. Majirani walitazama nyundo zikipiga, wakanyamaza. Tangu hapo aliyekuwa anasimama mbele ya nyumba ile ni mchukuzi tu, naye akishatua mzigo anaondoka.

Alijaribu njia zote. Alipika mtori, akapika ndizi kwa nyama ya mbavu, akamtengea mumewe kwa mikono miwili. Polycarp alikula, akashukuru, akaenda kwa balozi. Akatafuta mito mipya ya viti. Polycarp aliisifu mito, akaenda kwa balozi. Mwishowe akamnunulia redio, akaiweka mezani sebuleni ili mume akae asikilize taarifa ya habari nyumbani kwake kama watu wengine. Polycarp aliifurahia mno ile redio. Akaibeba kwapani akaenda nayo kwa balozi.

Siku ya redio ndiyo siku aliyokata shauri Evarista. Kama dawa ya mtu huyu ni baraza, atamjengea baraza. Tena si baraza la kubahatisha, bali la kisasa, lenye ramani na kibali, zuri kuliko la yule bibi wa pengo. Alipomwambia mumewe, Polycarp alisema ni wazo zuri, jenga tu mama, halafu akatafuta viatu vyake.

Mchoraji alikuwa Praful, Mhindi mpole aliyekuwa na chumba cha kazi karibu na Kisutu, anachora ramani za maduka, vyoo na vibanda vya uani. Alikuja na futi yake, akapima mbele ya nyumba, akachuchumaa akatazama maji ya mvua yanavyopita. Akamweleza Evarista kwamba asahau saruji. Saruji yote ya mji ilikuwa inamezwa na soko jipya lililokuwa linajengwa, na mtu wa kawaida anaweza kukaa anaisubiri mpaka nywele zigeuke mvi. Lakini mbao zipo. Angemchorea baraza la mbao za mvule juu ya nguzo fupi, sakafu imeinuka kutoka chini, mvua ikinyesha maji yanapita zake bila kugusa mtu. Juu paa la bati, mbele ngazi pana ya kupandia, na benchi kuzunguka pande zote.

Evarista alilipenda. Kisha akaanza kurekebisha. Ngazi iwe nyembamba. Mbele pawe na uzio wa mbao, kwenye uzio mlango, na mlango uwe na komeo kwa ndani. Na upande ule, akaonyesha kwa kidevu kwa Tatu, pawe na wavu wa mbao tangu sakafuni mpaka batini, mbao zikatane kwa karibu kiasi kwamba jicho lisipite. Praful alishika penseli bila kuandika. Akamkumbusha taratibu kwamba upepo wa jioni pale mtaani unatoka upande huo huo.

"Upepo nitautafuta mwenyewe," Evarista akasema. "Wewe chora."

Praful akachora.

Ofisi ya vibali ilikuwa mjini, kule Posta, ghorofani, na waliokuwa na shida kama yake walipanga foleni kwenye ngazi. Evarista alivaa gauni la misa, akaikumbatia ramani yake kifuani. Ofisa aliyemkuta mezani alikuwa kijana mtaratibu, wa kumwita kila mtu ndugu, awe mkubwa awe mdogo. Alikunjua karatasi, akaisifu kazi ya Praful, akafuata mistari kwa ncha ya kalamu. Kisha kalamu ikasimama.

"Ndugu, hapa umeandika baraza."

"Ndiyo, ni baraza."

"Lina mlango."

"Lina mlango."

"Baraza halina mlango, ndugu. Chenye mlango ni chumba."

Evarista alidhani anataniwa. Kijana hakuwa na utani. Alimfafanulia kwa upole, kama anayemweleza shangazi yake, kwamba baraza ni mahali pa mbele palipo wazi, anayepita anaweza kupumzika, na kibali chake ni jambo dogo, angeweza kukiandika wiki ile ile. Lakini mtu akishaweka mlango na komeo, akaziba upande mzima kwa mbao, hicho ni chumba kinachoongezwa kwenye nyumba, tena kinamzibia jirani hewa na mwanga. Chumba kina taratibu zake. Kinataka sahihi ya jirani wa upande ule kwamba ameridhia, na sahihi ya balozi wa nyumba kumi kwamba jirani hakulazimishwa. Au ndugu afute mlango na wavu, aondoke na kibali chake, mambo yaishe.

Hapo mlango wa kutokea ulikuwa wazi, na mwanamke mwenye nafasi rohoni angepita. Evarista alimtazama yule kijana, akaona baraza lililo wazi, akaona Tatu amekaa kwenye benchi la Evarista anachanua mdomo ule wenye pengo, na Polycarp anajipiga paja. Akasema mlango unabaki.

"Na kama jirani na balozi ni mtu mmoja?" akauliza.

Ofisa alifikiri sana. Akasema basi mtu huyo ataweka sahihi mara mbili.

Evarista alirudi Kariakoo kwa miguu, akiwa na hasira hata basi hakuliona. Yaani katika mji mzima huu, wenye watu wote hawa, anayetakiwa kumruhusu amzibe Tatu ni Tatu. Aliisukuma ramani chini ya godoro, akanuna siku kadhaa, akawajibu wachuuzi wa mboga vibaya, akaunguza maharage. Alifikiri labda angojee ubalozi ubadilike. Akafikiri labda Praful achore upya ukuta ukae mbali kidogo. Kila alipolala, karatasi ilikuwa inatoa sauti chini ya mgongo wake.

Polycarp ndiye aliyemmalizia subira, maskini, bila kukusudia. Aliuliza kibali kimefikia wapi, na alipoambiwa kwamba kinangoja sahihi ya Tatu, akanyoosha mkono.

"Nipe mimi basi nimpelekee. Si niko pale kila siku?"

Evarista alimtazama mtu huyu aliyezaa naye, akaona kweli hajui alichokisema. Niko pale kila siku. Akamwambia aache, atapeleka mwenyewe.

Alikwenda asubuhi, saa ambayo wanaume wako makazini. Tatu alikuwa peke yake barazani, ungo mapajani, anachambua mchele. Evarista alisimama chini, njiani, akapiga hodi. Tatu aliinua uso akashangaa kidogo, kwa sababu hodi hapigiwi mtu aliyekaa nje mbele ya macho yako.

"Karibu, Mama Agnesi. Kaa."

Miaka yote ile ya ujirani, Evarista alikuwa hajakaa pale hata mara moja. Alikaa kwenye ukingo, nusu ya kukaa, akamkabidhi ramani na kumweleza kwa mkato sahihi zinapotakiwa. Tatu alijipangusa mikono, akaikunjua karatasi juu ya ungo. Kusoma alikuwa amejifunza ukubwani, kwa hiyo alisoma kila neno, pamoja na vipimo.

"Hii mistari ya kukatana ni nini?"

"Wavu wa mbao."

"Uko upande wangu."

"Ndiyo. Upande wako."

Tatu alipandisha kidole kwenye mistari ile toka chini hadi juu. Hakukunja uso. Akauliza tu, "Unaziba nini?"

Majibu Evarista alikuwa nayo, ameyapanga njia nzima: vumbi la barabarani, wezi wa viti, jua la jioni. Yote yalikuwa tayari mdomoni. Lakini mtu akimeza jambo muda mrefu halimezeki tena, na lililotoka halikuwa vumbi wala jua.

"Nakuziba wewe. Mume wangu anakuja kwako kila jioni anacheka. Kwangu hacheki. Nimempikia, nimemnunulia, nimejipamba, hacheki. Sasa niambie una nini wewe ambacho mimi sina."

Muuza samaki alipita na baiskeli, akawasalimu wote wawili, wakaitikia pamoja kama desturi inavyotaka. Tatu aliusogeza ungo pembeni.

"Unajua anatuchekesha kwa habari gani?"

"Nitajuaje?"

"Habari zako," Tatu akasema.

Akamsimulia. Kwamba Baba Agnesi, akishakunywa kahawa yake, watu wanamshika awape habari ya mfereji. Kule Kibosho, msichana mmoja wa gauni la manjano amejitwika mkungu wa ndizi, anaruka mfereji wa maji, mguu ukateleza, msichana akazama mpaka kifuani, lakini ndizi zimebaki juu mikononi, kavu kabisa. Na pembeni yuko kijana mjinga anacheka. Yule msichana alivyomtukana kijana yule, akiwa bado majini, ukoo wake na ng'ombe wa ukoo wake, mpaka kijana akaubeba mkungu mwenyewe na kuufikisha kwao, na njia nzima anatukanwa. Baba Agnesi anaigiza sauti zote. Fundi Eliasi, yule seremala wa Ilala, siku moja alicheka akaanguka barazani. Ipo ya mfereji, ipo ya siku ya posa na mbuzi aliyetoroka, ipo ya Mama Agnesi kumfokea karani wa stesheni kwenye garimoshi.

Habari ile ilikuwa ya Evarista. Maji yale yalimlowesha yeye. Tangu waoane, Polycarp hajaitaja kwake hata kwa bahati mbaya, alikuwa anadhani ameshaisahau.

"Mimi hajawahi kunisimulia," akasema.

"Wewe si ulikuwepo," Tatu akajibu.

Alilisema kwa wema, na lilikuwa jibu la kweli, na mtu aliyetulia angelichukua akaenda nalo kulifikiri. Lakini Evarista hakulisikia. Alichosikia ni kwamba mwanamke huyu anajua gauni lilikuwa la manjano. Watu wa bao wanajua, seremala anajua, wauza kahawa wanajua. Ujana wake wote umemwagwa kwenye saruji hii kila jioni, kila apitaye amejichotea, na yeye nyumbani amebakiwa na chumvi na shati. Wivu uliokuwa wa mwanamke mmoja ukawa sasa wa mtaa mzima.

"Weka sahihi," akasema.

Tatu aliingia ndani akatoka na kalamu. Akaweka sahihi ya jirani, polepole, ulimi umetokeza kidogo kwenye lile pengo. Akaweka na ya balozi, akapiga muhuri. Akapuliza wino ukauke.

"Wavu weka, ni upande wako, mimi nitapata hewa penginepo," akasema akimrudishia. "Ila mlango huo acha, Mama Agnesi. Watu wataona haya kupiga hodi barazani."

"Ndivyo ninavyotaka," Evarista akasema, akashuka.

Kibali kikatoka, na kazi akapewa huyo huyo Eliasi, kwa kuwa seremala wa kumzidi hakuwepo. Mbao za mvule zilishushwa pale yaliposhushwa magunia, harufu yake ikajaa mtaa. Evarista alisimamia kila kitu. Alikagua misumari, alipima nguzo, alimfanya Eliasi abomoe benchi kwa sababu lilipinda kidogo mno, kupinda ambako hata yeye alikuona kwa kuinamisha shingo tu. Ulipofika wavu, alikwenda kusimama ndani akafumba jicho moja, akasema mbao zikaribiane zaidi. Eliasi alikaribisha. Ilipofika zamu ya komeo, fundi aliligeuza mkononi, akauliza kama Mama Agnesi ana hakika. Akaambiwa apigilie.

Wapita njia walisimama kusifu, na kusema kweli lilikuwa zuri. Sakafu iling'aa kwa mafuta. Uzio ulinyooka. Mtaa mzima haukuwa na kitu kama kile, na Evarista alisikia raha mpaka kwenye magoti. Alipanga mito ile mipya kwenye benchi, akaweka stuli ya chai, akamngoja mumewe.

Polycarp, kwa mazoea, alioga akavaa shati akaenda kwa balozi. Evarista alisimama nyuma ya wavu wake mpya. Kisha akasikia sauti ya Tatu kule ng'ambo.

"Baba Agnesi, mkeo amekujengea baraza. Nenda kakae kwako."

Viti vikasogea, na punde Polycarp akatokea mbele ya uzio, akapitisha mkono juu ya uzio akahangaika na komeo, akapanda ngazi, akakaa. Kwa hiyo amekuja. Amekuja kwa kuambiwa na yule, hilo lilimuuma Evarista na aliliona, lakini alilikanyaga. Mume yuko kwake, amekaa kwenye benchi lake, na jicho la mtu halipiti. Akamletea chai ya maziwa.

Jioni ya pili alikuja bila kuambiwa, na ya tatu pia. Polycarp hakuwa mtu wa ugomvi. Aliona mkewe amehangaika na ramani na ofisi na mafundi, akaona adabu ni kukaa. Alikaa mikono magotini, mgongo umenyooka, kama mtu aliyefika mapema kwa daktari. Ng'ambo ya wavu kete za bao ziligonga, watu walibishana, mara nyingine kimya kilitanda halafu wote wakalipuka kwa pamoja, na kichwa cha Polycarp kiligeukia kule chenyewe. Hakuna alichoweza kuona. Joto lilikuwa kali, Evarista alimpepea kwa ungo.

Wenzake walijaribu kuja. Walifika mpaka kwenye uzio, wakauona mlango, wakasimama. Mtu hawezi kupiga hodi kwenye baraza, mdomo haujui uanzie wapi. Walimsalimu Polycarp kutoka barabarani, wakamuuliza hali ya soko, wakavuta mguu. Eliasi peke yake ndiye aliyethubutu, labda kwa kuwa komeo alilipigilia mwenyewe. Alifunguliwa, akavua viatu chini, akakalishwa kwenye mto, akaletewa kikombe na kisahani. Akasema asante. Akasema mbao zimetulia. Polycarp akasema ndiyo, zimetulia. Eliasi alimaliza chai yake haraka, akaaga kama anavyoaga mgeni wa heshima, asirudi tena.

Evarista hayo yote aliyaona, na wala hayakumsikitisha. Wasije. Aliwajengea wao? Alichokuwa anangoja ni kingine, na alikingoja kwa hamu kama msichana. Alikuwa anangoja habari ya mfereji. Sasa wako wawili, hakuna Tatu, hakuna redio, hakuna mtu wa kumwibia. Jioni moja alijifunga khanga mpya, akajipaka mafuta, akaleta chai na ndizi za kukaanga, akaliangalia komeo kama limekaa sawasawa. Kisha hakurudi jikoni kama siku nyingine. Alikaa naye benchi moja, bega karibu na bega, akamngoja aanze.

Polycarp alikunywa chai. Alisema ndizi ni nzuri. Akatazama mbele, barabarani, ambako mtoto alikuwa anasukuma gurudumu. Kule kwa Tatu walicheka, wakanyamaza, wakacheka tena. Chai ikaisha. Evarista akamwongezea. Chai ya pili nayo ikaisha.

"Baba Agnesi," akasema mwishowe, na sauti ilimtoka ndogo kuliko alivyotaka. "Ongea basi. Unajua kuongea, nimekusikia. Ongea."

Polycarp alishtuka, akageuka upesi kuutazama mlango, akidhani pengine mgeni amefika na yeye hakumsikia. Komeo lilikuwa limefungwa. Akatazama ngazini, akatazama barabarani, kisha akamrudia mkewe na uso uliojaa mshangao wa kweli, bila ubaya wowote.

"Niongee na nani?" akauliza.